Gari la Mradi Likishaondoka

Masalani hakuna chuo kikuu. Mji huu, makao makuu ya kaunti ndogo ya Ijara, uko kusini mwa Kaunti ya Garissa, mashariki ya Mto Tana. Chuo Kikuu cha Garissa kiko zaidi ya kilomita 100 kaskazini, mwendo ambao kiangazi ni vumbi na masika ni tope. Hata hivyo vyuo vikuu vinafika Masalani. Vinafika kwa gari lenye nembo mlangoni, vikiwa na hojaji, kalamu za kugawa na sanduku la barafu la kuwekea damu ya mbuzi. Vinakaa wiki mbili, vinakirimiwa na wenyeji, vinashukuru, vinaondoka.

Safari za namna hiyo mara nyingi ndizo huitwa ushirikiano wa chuo na jamii. Ndizo pia ambazo wenye uwezo, mashirika na Wakenya walio ng'ambo huombwa wazichangie. Chuo kikuu kina kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Ya kwanza hulipiwa na karo na serikali. Ya pili hulipiwa na ruzuku za utafiti. Ya tatu haina mlipaji wake. Hungoja msamaria, na katika vyuo vya umma vya Kenya, vilivyolemewa na madeni ya makumi ya mabilioni ya shilingi, hungoja sana.

Basi swali letu ni la mfuko. Mtu akitaka kutoa, awe ana shilingi 1,000 za kutuma kwa simu au ni shirika lenye mamilioni, fedha zake ziende wapi ili jamii kama ya Masalani ifaidike? Jibu langu ni fupi: zilipie kile kitakachobaki Masalani gari la mradi likishaondoka. Kulifikia jibu hilo kunataka tupitie mambo kadhaa, na la kwanza ni kuuliza jirani wa chuo ni nani.

Ujirani wa ukuta na ujirani wa kisima

Chuo kilicho katikati ya jiji kinamjua jirani yake: ni mwenye nyumba wa ng'ambo ya barabara anayelalamikia kelele za wanafunzi. Garissa hesabu hiyo haifanyi kazi. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 40,000, sensa ya 2019 ilihesabu humo watu 841,353, na chuo kikuu cha umma ni hicho kimoja. Ikiwa jirani ni anayeuona ukuta wa chuo, basi majirani wote wako mjini Garissa, na mfugaji wa Masalani, Hulugho au Sangailu hayumo.

Mfugaji mwenyewe hapimi ujirani kwa ukuta. Jirani yake ni yule wanayenywesha kisima kimoja. Leo wako pamoja, mwezi ujao kuna siku tano za mwendo kati yao, na mvua ikirudi wanakutana tena kila mmoja akijua haki ya mwenzake. Tukichukua kipimo hicho, majirani wa chuo kikuu ni watu wote ambao chuo huchota kwao. Anayetoa damu ya mifugo yake, ardhi yake na maarifa ya babu zake ana haki kwenye kisima, hata kama hajawahi kuliona lango la chuo.

Historia ya vyuo vya Kenya inaonyesha kwamba aliyetoa mwanzo ndiye huhesabiwa jirani. Chuo cha Egerton kule Njoro kilianza mwaka 1939 kwa ardhi aliyoitoa Lord Egerton, na kikawa shule ya kilimo ya vijana wa walowezi wa Kizungu. Waafrika waliokuwa wakilima mashamba ya pembeni walikuwa vibarua tu, majirani hawakuwa. Mapema miaka ya 1970 ikaja harambee. Wakulima wa Nyeri na Murang'a walichanga, wengine kwa kukatwa fedha za kahawa, na watu wa Magharibi wakachanga kuanzisha chuo chao cha Kakamega. Vyuo hivyo vya ufundi ndivyo leo Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Murang'a na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Mkulima wa huko anaweza kusimama mbele ya lango na kusema baba yake alikijenga.

Kaskazini Mashariki haikuwa na kahawa ya kukatwa. Ilikuwa chini ya sheria ya hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 na kuondolewa mwaka 1991. Waraka wa serikali nambari 10 wa 1965 ulikuwa umeshaamua kwamba fedha za maendeleo zielekezwe kwenye maeneo yenye uwezo wa kuleta mazao ya haraka, na nyika ya wafugaji haikuhesabiwa hivyo. Chuo kikuu kilipofika Garissa, mwaka 2011, kililetwa na serikali kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mtu wa Masalani hakuombwa hata mbuzi mmoja wa kukijenga. Ndiyo maana ni rahisi kumdhania kuwa yeye ni wa kupokea tu.

Masalani ilianza kutoa

Dhana hiyo inavunjwa na mambo mawili yaliyotokea Ijara yenyewe.

La kwanza ni homa ya Bonde la Ufa. Virusi vyake vilitambuliwa mwaka 1931 karibu na Naivasha. Mayai ya mbu wanaovieneza huweza kukaa miaka mingi katika udongo mkavu wa madimbwi yakingoja mafuriko. Mwishoni mwa 2006 mafuriko yakaja, na Garissa na Ijara zikawa kitovu cha mlipuko ulioua zaidi ya watu 150 nchini Kenya. Mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia walitupa mimba, masoko ya mifugo yakafungwa, na familia zilizokuwa zikiishi kwa maziwa zikaogopa kuyanywa.

Mlipuko ulipotulia, watafiti walirudi kuuliza nani alijua nini, na lini. Waligundua kuwa wafugaji wa Kisomali walikuwa na jina la ugonjwa huo, sandik, kwa sababu ya damu inayotoka puani mwa mnyama. Walikuwa wameona mvua isiyo ya kawaida, kisha mbu wasio wa kawaida, kisha mimba zikiporomoka, na wakaunganisha hayo matatu. Hitimisho la utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2010, lilikuwa kwamba makadirio ya wafugaji yalikuwa ya wakati na ya uhakika zaidi kuliko mifumo ya tahadhari ya kikanda na ya dunia, yenye satelaiti na yote. Baadaye Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, ilirudi Ijara na Bura pamoja na Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao kuchunguza jinsi maji, mbu na mifugo vinavyokutana. Wenyeji walihojiwa tena, na sindano zikaingia tena shingoni mwa mbuzi.

La pili ni hirola. Swala huyu mwenye pembe zilizopinda na alama nyeupe zinazofanana na miwani machoni hapatikani popote duniani isipokuwa mpakani mwa Kenya na Somalia, na wachache waliohamishiwa Tsavo. Miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya 10,000. Sasa wanakadiriwa kuwa chini ya 500. Mwaka 1996, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilipotaka kuwahamisha wengine kwenda Tsavo, wenyeji wa Garissa walikwenda mahakama kuu kupinga, na mahakama ikawasikiliza. Walisema mnyama huyo ni wa ardhi yao. Hawakuishia kwenye kesi. Karibu na Masalani walitenga sehemu ya malisho yao ikawa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini, na mwaka 2012 ndani yake ukafunguliwa uga uliozungushiwa ua wa kuzuia simba na chui, ukianza na hirola 48.

Katika kisa cha hirola yupo pia mtu anayefaa kutajwa. Abdullahi Ali ni mzaliwa wa Garissa. Alisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Wyoming, Marekani, akarudi. Ndiye mwanzilishi wa mradi wa kuhifadhi hirola, na mwaka 2020 alitunukiwa tuzo ya Whitley. Utafiti aliofanya na wenzake ulionyesha kuwa mbuga za nyasi zimegeuka vichaka, hirola wakakosa pa kulishia. Kilichofuata ni kazi ya kung'oa miti iliyovamia na kupanda nyasi, pamoja na wenyeji wanaotaka nyasi hizohizo kwa ng'ombe wao. Maarifa yalikwenda Wyoming yakarudi yakiwa na jembe. Yamerudi kwa sababu aliyeyabeba kwao ni huku.

Kwa wengi hayarudi. Mtafiti hupata shahada na makala katika jarida. Chuo hupata sifa. Sheria yenyewe inamtaka mtafiti mwenye kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu awasilishe nakala ya ripoti yake kwa tume, Nairobi. Mzee aliyekaa juani saa mbili akijibu maswali hana nakala, na angekuwa nayo ingekuwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Hapa ndipo mfadhili anaweza kuanzia. Kurudisha matokeo kunahitaji mafuta ya gari, mfasiri wa Kisomali, kipindi cha redio na kikao chini ya mti ambapo mtafiti atakubali kusahihishwa. Hakuna maabara inayohitajika. Ni kazi rahisi kuliko zote, na kwa kuwa haizai makala mpya, ndiyo hukosa bajeti.

Walimu waliohamishwa

Turudi kwenye chuo chenyewe. Kabla ya 2011 eneo la Chuo Kikuu cha Garissa lilikuwa chuo cha walimu. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wa al-Shabaab waliingia alfajiri wakaua watu 148, karibu wote wanafunzi. Walionusurika walihamishiwa Eldoret, na wako waliosema lango lisifunguliwe tena. Lilifunguliwa Januari 2016, na Oktoba 2017 chuo kikapewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Baada ya msiba ule usalama ulijengwa kwa kuta na walinzi, na haukuweza kuanza kwingine. Lakini mkoa mzima unajua kuwa mtu mgeni anayepita usiku huonwa kwanza na mchungaji, na mchungaji husema kwa anayemwamini.

Pigo jingine lilikuja polepole zaidi. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyohiyo. Tume ya Kuajiri Walimu ikawaondoa walimu wengi wasio wenyeji kutoka Kaskazini Mashariki, na wazazi wakabaki na madarasa yasiyo na mwalimu wa hesabu, fizikia au Kiingereza. Mtu anaweza kuilaumu tume au kuitetea. Somo ni kwamba elimu ya eneo zima ilikuwa imesimama juu ya watu ambao, hatari ikija, wana kwao pengine pa kwenda.

Hapo chuo na Ijara wanahitajiana bila kulazimishana. Chuo kina kitivo cha elimu kilichokaa juu ya msingi wa chuo cha walimu. Ijara ina vijana waliomaliza kidato cha nne na wasio na karo. Mchango unaomlipia binti wa Masalani miaka minne ya shahada ya ualimu, pamoja na chumba, chakula na nauli, huku naye akiahidi kurudi kufundisha kwao kwa muda uliokubaliwa, unazidi kwa thamani mkutano wowote wa hotelini kuhusu elimu ya wafugaji.

Hapa kuna kosa la kawaida. Basari za maeneo bunge na za kaunti hugawanywa nyembamba ili kila mtu aonje: elfu tano kwa huyu, elfu saba kwa yule. Kisiasa inaeleweka. Kwa mwanafunzi, elfu tano humfikisha katikati ya muhula na kumwacha hapo. Mfadhili binafsi hana kura ya kutafuta, kwa hiyo anaweza kufanya jambo ambalo mwanasiasa haliwezi, yaani kuwachukua wachache na kuwafikisha mwisho.

Dadaab, Eldoret, Wajir

Ushirikiano uliolipiwa vizuri upo, na mifano yake haiko mbali.

Dadaab iko Garissa hiihii. Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kampasi hapo mwaka 2012. Mwaka uliofuata mpango wa vyuo vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, ulianza kufundisha walimu wa kambini kwa fedha za serikali ya Kanada. Mambo mawili katika mpango huo yanafaa kuigwa. Darasa lilimfuata mwanafunzi: kulikuwa na kituo cha mafunzo palepale Dadaab, na masomo mengine kwa mtandao, kwa sababu mkimbizi hana ruhusa ya kwenda atakako. Pili, wenyeji wa Dadaab waliingia pamoja na wakimbizi. Kambi iliyokaa tangu 1991 imeonyesha jinsi chuki inavyozaliwa msaada unapompita mwenyeji ukamfikia mgeni peke yake.

Eldoret ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1989 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianza urafiki wa vitivo vya udaktari. Wanafunzi wa Moi walipelekwa vijijini kujifunza udaktari ndani ya jamii, na madaktari wa Indiana walikuja kukaa, miaka na si wiki. UKIMWI ulipofurika wodi, ushirikiano huo ulikuwa tayari una watu wanaofahamiana. Ulianza kutibu mwaka 2001 kwa michango midogo, kabla fedha kubwa za serikali ya Marekani hazijafika. Ukawa AMPATH, mtandao wa matibabu unaoenea magharibi mwa Kenya. Lakini mfano huohuo una onyo lake. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, kliniki za UKIMWI kote nchini zilitikisika. Mti ulioota kwa michango midogo ulikuwa umezoea mvua ya mwenye wingu mmoja.

Wajir nako kuna funzo. Mwaka 2010 ILRI na washirika wake, wakiwamo wachumi wa Chuo Kikuu cha Cornell, walianzisha Marsabit bima ya mifugo inayotumia picha za satelaiti: kijani cha malisho kikishuka chini ya kiwango, mfugaji analipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ilipofika Wajir ilikuta Waislamu wanaouliza kuhusu riba na kubahatisha. Watafiti wangeweza kusema watu hawaelewi bima. Walikaa nao, na mwaka 2013 bima ikaja kwa sura ya takaful, ambamo washiriki huchangiana hatari. Mwaka uliofuata malipo yakatoka. Pale jamii ilibadilisha kitu chenyewe kilicholetwa. Nikitakiwa kutaja dalili moja ya ushirikiano wa kweli, nitataja hiyo: je, kuna chochote ambacho chuo kilibadilisha kwa sababu majirani walikikataa?

Harambee, zaka, wakfu

Sasa tuje kwenye njia za kutoa, kwa sababu watu wa Masalani si wageni wa jambo hili. Msomali ana qaaraan, mchango wa ukoo wa kumwinua aliyeanguka au kumpeleka mgonjwa Nairobi. Kenya nzima ina harambee. Zote mbili zina nguvu ya ghafla: simu hupigwa, orodha husomwa, fedha hupatikana jioni moja. Udhaifu wake ni huohuo. Haziwezi kumlipa mtu mshahara mwezi wa kumi na nne.

Zaka ina mpangilio zaidi. Mwenye mbuzi 40 hutoa mmoja. Mwenye ngamia watano hutoa mbuzi. Mwenye fedha hutoa asilimia 2.5. Lakini wanaostahili zaka wametajwa katika Qurani, makundi manane, na wanazuoni wengi hawakubali itumike kujenga maabara au kununua gari la chuo. Inaweza kumfikia mwanafunzi fukara. Anayetaka kufadhili mwanafunzi wa Ijara kwa zaka yake basi ahakikishe inamfikia mwanafunzi mwenyewe, na vifaa avitafutie sadaka.

Kwa kazi ya kudumu kuna wakfu. Mali inafungwa, haiuzwi wala hairithiwi, na pato lake ndilo hutumika. Msikiti na chuo cha Riyadha pale Lamu, kaunti inayopakana na Ijara, vilianzishwa na Habib Swaleh karibu mwaka 1900 na vimelea wanafunzi kutoka Afrika Mashariki yote kwa sadaka na wakfu. Serikali zimekuja na kwenda: Waingereza, jamhuri, kaunti. Darasa bado lipo. Sheria ya Kenya inatambua wakfu, na tume yake iko Mombasa.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme watu wa Ijara waliopo nyumbani, Nairobi na ng'ambo wanachanga shilingi milioni 10. Wakizitoa kama mradi, zitalipia miaka miwili: gari, dereva, semina, fulana, ripoti. Mwaka wa tatu hakuna kitu. Wakijenga vyumba vya kupangisha mjini Garissa vikaleta shilingi 800,000 kwa mwaka baada ya gharama, hizo hazitanunua gari. Zinatosha posho ya vijana wawili wa Masalani waliofunzwa na chuo kuripoti magonjwa ya mifugo, salio la simu zao, na kikao cha kila baada ya miezi mitatu ambapo chuo na wafugaji wanakaa kusikilizana. Mwaka wa ishirini bado zipo. Mvua kubwa ikija, na itakuja, mtu wa kupiga simu kuhusu sandik atakuwa na nambari ya kupiga na upande wa pili kutakuwa na mtu anayelijua jina lake.

Yasemwayo kupinga

La kwanza: hii ni kazi ya serikali. Ni kweli kwa sehemu. Katiba ya 2010 imezipa kaunti huduma za afya na za mifugo, na mchango wa raia usiwe kisingizio cha daktari wa mifugo kukosekana. Kwa hiyo mchango usilipie kile ambacho kodi imeshakilipia. Ulipie kiungo ambacho hakina mwenyewe: kati ya maabara ya chuo na hospitali ya Masalani, kati ya jarida na mchungaji.

La pili: fedha zitamezwa na chuo. Hofu hiyo ni halali kwa taasisi zinazodaiwa na wauzaji na wafanyakazi. Dawa yake ni akaunti ya pekee inayosainiwa na pande mbili, chuo na jamii, na hesabu zinazosomwa hadharani Masalani. Chuo kisichokubali sahihi ya pili kimeshatoa jibu.

La tatu: zitamezwa na wazee na koo. Nayo ni halali. Kamati ya wanaume watano wa ukoo mmoja haiwi jamii kwa kuitwa jamii. Wanawake ndio wanaokamua na ndio huwa wa kwanza kuona maziwa yamebadilika; bila wao, hata sayansi yenyewe itakuwa pungufu. Wamo pia wakulima na wavuvi wa kandokando ya Tana, Wapokomo na Wamunyoyaya, ambao mto huohuo huwafurikia.

La nne ni usalama na shaka. Baada ya shambulio la 2015 serikali ilizisimamisha kwa muda kampuni 13 za hawala, na watu wa ng'ambo wakakosa njia ya kuwatumia mama zao fedha. Tangu hapo anayechanga kwa ajili ya Garissa anajua kuwa mchango wake unaweza kuulizwa. Njia ni kutoa kupitia chombo kilichosajiliwa, kwa stakabadhi. Hilo linampa mtoaji faida pia, kwa sababu sheria ya kodi ya mapato huruhusu michango kwa taasisi za hisani zilizoidhinishwa ikatwe kwenye mapato yanayotozwa.

Kabla ya kutuma

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Masalani imeshapokea wageni wa kutosha kuweza kuuliza imepona nini. Nami namwomba msomaji ambaye simu iko mkononi, anayetaka kuchangia ushirikiano wa chuo na jamii, aulize kwanza maswali manne. Ripoti ya mwisho ilisomwa wapi, na kwa lugha gani? Ni nani wa Masalani anayesaini hundi? Ni kijana gani wa hapo atakayejua mwakani kazi asiyoijua leo? Na gari likishaondoka, kitabaki nini?

Swali la nne likijibiwa kwa jina la mtu, la chumba au la mali iliyofungwa wakfu, toa, hata kama ni shilingi mia. Likijibiwa kwa jina la semina, mpe fedha hizo mwanafunzi mmoja wa ualimu kutoka Ijara. Yeye atabaki.